Maji Ndani ya Breki

Nilianguka kwenye Barabara ya Lang'ata saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwezi wa Machi, baada ya usiku wa mvua ya kwanza. Wanaoendesha pikipiki Nairobi wanaijua mvua hiyo. Vumbi la Januari na Februari, dizeli iliyodondoka na mabaki ya matairi huwa vimelala kwenye lami wiki nyingi. Maji ya kwanza hayavioshi, huvigeuza utelezi tu. Matatu iliyokuwa mbele yangu iliona abiria, ikasimama. Nikashika breki. Tairi la mbele lilikuwa limekanyaga mistari myeupe ya kivuko. Gurudumu likafunga, usukani ukanitoka, na nilichosikia baada ya hapo ni chuma kikikwaruza lami na spana zangu zikitawanyika barabarani.

Vijana wa bodaboda wa steji ile walifika kabla sijakaa kitako. Mmoja aliinua pikipiki, mwingine akasimamisha magari kwa mkono, wa tatu akaniokotea vifaa kimoja kimoja, mpaka kikata paipu kilichokuwa kimeviringika chini ya matatu. "Pole mkubwa, umeumia?" Bega la kulia lilivimba wiki mbili, ila halikuvunjika. Namshukuru Mungu, na nawashukuru wale vijana ambao hata majina yao sikuyachukua.

Pikipiki hiyo ina ABS. Ni mfumo wa breki uliotengenezwa ili gurudumu lisifunge vile lilivyofunga siku ile. Lakini taa ya njano ya ABS ilikuwa imewaka kwenye dashibodi tangu Desemba, na macho yangu yalikuwa yameizoea kama yanavyozoea ufa kwenye ukuta wa nyumba.

Mimi ni fundi wa friji na vipoza hewa. Naishi Rongai, wateja wangu wengi wako Lang'ata, Kilimani na Industrial Area, na bila pikipiki siku nzima ingeishia kwenye foleni ya Magadi Road. Niliyo nayo ni ya sisi 650 (cc, ukubwa wa injini), silinda moja, niliinunua kwa mtu aliyekuwa anahama nchi. Mimi ni mmiliki wake wa tatu. Chapa yake siitaji, kwa sababu ugonjwa ninaousimulia unazipata pikipiki za chapa zote, na kilichouleta ni kutotunzwa, mikononi mwa walionitangulia na mikononi mwangu pia.

Bodaboda nyingi zetu, zile za sisi 100 hadi 150, hazina ABS kabisa, na nyingi hata breki ya nyuma ni ya dramu. Ndiyo maana mafundi wengi wa mtaani hawajawahi kuifungua. ABS ya umeme si kitu kipya kwenye pikipiki; BMW waliiuza kwenye K100 tangu mwaka 1988. Ulaya iliifanya lazima kwa pikipiki zinazozidi sisi 125, mwaka 2016 kwa modeli mpya na 2017 kwa zote. India nayo ikafanya hivyo 2018 na 2019. Kwa kuwa pikipiki zetu nyingi zinatoka India, sasa hivi hata kijana wa pikipiki ya sisi 200 anaweza kuwa na yuniti ya ABS chini ya kiti chake bila kujua inataka nini.

Fundi wa kwanza niliyemwonyesha taa, hapa hapa Rongai, alikuwa na dawa ya dakika kumi. "Mkubwa, hii tunaifunika na tepu nyeusi, haitakusumbua tena. Breki si inashika?" Kweli ilikuwa inashika. Kwenye pikipiki kama yangu, ABS ikijizima unabaki na breki ya kawaida, masta silinda, ile pampu ndogo ya mkono wa breki, inasukuma oili hadi kwenye kalipa inayobana diski, kama kawaida. Tepu niliikataa. Lakini pia sikufanya lolote lingine, na Machi ilipofika tofauti kati yangu na aliyeikubali tepu ilikuwa ndogo sana.

Nikiwa nyumbani na bega langu nilianza kuitafuta shida mwenyewe, maana multimita ninayo na waya siuogopi. Kwenye friji tumefundishwa kuanza na kilicho rahisi: fyuzi, plagi, thermostati, kabla hujailaumu kompresa. Nikafanya hivyo hivyo. Betri iliyolala usiku mzima ilisoma volti 12.1, na betri nzima iliyojaa husoma 12.6 au zaidi kidogo. Nilipobonyeza stata ikashuka hadi 9.4. Kompyuta ya ABS hujipima kila unapofungua swichi. Ikikuta umeme umelegea inaandika kosa na kuwasha taa, hata kama yuniti yenyewe haina neno. Nikanunua betri mpya. Nikaendesha mpaka kituo cha mafuta, taa ikazimika. Nilifurahi kiasi cha kumpigia mke wangu simu kutoka pale pale kwenye pampu.

Siku tisa baadaye ikawaka tena.

Nikahamia kwenye sensa. Kila gurudumu lina ringi ya chuma yenye meno, na sensa ndogo inayoyahesabu meno hayo yakipita mbele yake. Nafasi kati ya sensa na meno ni ndogo, kama milimita moja hivi, na ndani yake nilikuta matope ya Kiserian yaliyokauka yamechanganyika na unga wa chuma uliotoka kwenye diski na pedi. Sensa za namna hii zina sumaku, zinaukusanya unga huo kidogo kidogo. Nilizifuta kwa kitambaa na mswaki wa zamani, nikapima nafasi kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mianya, nikakagua waya wa sensa ya mbele pale unapopinda kila usukani unapogeuka, maana hapo ndipo hukatikia ndani huku ganda la nje likiwa zima. Nikasafisha na eathi, pale waya wa kurudishia umeme unapofungwa kwenye fremu. Kila kitu kilikuwa sawa. Taa ikabaki.

Hadi hapo nilikuwa nimetumia pesa ya betri na Jumamosi mbili, na sijutii hata moja. Nimekutana na watu walioagiza yuniti nzima kutoka nje kumbe shida ilikuwa waya wa sensa.

Kirinyaga Road kuna mzee mmoja ambaye wenye pikipiki kubwa hutumana kwake. Karakana yake ni chumba kimoja nyuma ya maduka ya spea. Ana meza ya mbao iliyoloa grisi, na mashine ya kusoma makosa ya kompyuta aliyoifunga kwenye mfuko wa nailoni ili vumbi lisiingie. Nilimwamkia, nikamweleza nilichofanya, na akanisikiliza mpaka mwisho. "Umefanya vizuri kuanza na betri, kijana wangu," akasema, halafu akachomeka mashine. Kosa lililotokea lilikuwa la mota ya pampu.

Nilimwomba anieleze jinsi yuniti inavyofanya kazi. Alichora kwa chaki sakafuni. Oili ya breki inatoka kwenye masta silinda, inapita ndani ya yuniti, inaenda kwenye kalipa. Kila njia ina vali mbili. Ya kuingilia huwa wazi, ya kutokea huwa imefungwa, kwa hiyo siku za kawaida ni kama yuniti haipo. Kompyuta ikiona gurudumu linapoteza mwendo ghafla kuliko inavyostahili, inafunga vali ya kuingilia, hata ukamue vipi nguvu yako haifiki. Gurudumu likiendelea kukwama, vali ya kutokea inafunguka, oili kidogo inatoka kwenye kalipa na kuingia kwenye kichumba chenye springi, gurudumu linaachiwa na kuzunguka tena. Hapo pampu inaizoa ile oili na kuirudisha upande wa mkono wako. Kisha mzunguko unaanza upya, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Yale mapigo unayoyasikia kwenye vidole ABS ikifanya kazi ni pampu ikirudisha oili.

"Sasa niambie," akasema mzee, akagonga chaki pale alipokuwa amechora kichumba na pampu. "Hii oili ya hapa, umeibadilisha lini?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na pikipiki ile miaka minne na sikuwahi kubadilisha oili ya breki, nilikuwa naongeza tu ikipungua. Akafungua kifuniko cha masta silinda ya mbele. Oili ya DOT 4, daraja la oili ya breki ninayotumia, ikiwa mpya ni kama mafuta ya kupikia yaliyochujwa vizuri, manjano hafifu, unaona chini ya mkebe. Yangu ilikuwa rangi ya chai ya rangi. Akanyonya kidogo kwa sindano, akaidondosha kwenye karatasi nyeupe, ikaacha alama ya kahawia yenye chembe.

Hapo ndipo moyo wangu uliponiuma, na bado unaniuma. Katika kazi yangu adui wa kwanza ni unyevu. Ukiacha maji kidogo ndani ya mfumo wa friji yataganda kwenye kapilari, ile paipu nyembamba ya gesi, au yataungana na oili ya kompresa yawe asidi yatakayokula koili. Ndiyo maana tunavuta vakyumu, ndiyo maana tunabadilisha draya, kichujio cha kunyonya unyevu, kila mfumo unapofunguliwa. Mkebe wa oili ya kompresa siuachi wazi hata nikiitwa mlangoni, kwa sababu oili hiyo inanyonya unyevu wa hewani. Na oili ya breki, DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1, ina tabia hiyo hiyo. Inanyonya maji kupitia mipira ya breki na kifuniko, polepole, mwaka baada ya mwaka. DOT 4 mpya inapaswa kuvumilia nyuzi 230 kabla ya kuchemka. Ikishanyonya maji, kiwango cha chini kinachokubalika kwake ni nyuzi 155. Nimeshuka kutoka Kona Baridi kwenda Magadi mara nyingi, mteremko wa zaidi ya mita 1,000, mguu kwenye breki ya nyuma, na oili ile ndiyo ilikuwa imenibeba. Ikichemka inatoa mvuke, mvuke unabinyika, na mkono wa breki unakuja mpaka kwenye grip bila kitu kushika. Maarifa yote haya nilikuwa nayo, lakini niliyaacha kwenye sanduku la vifaa vya friji.

Kuna jambo jingine mzee alinieleza ambalo sikuwa nalijua, na ambalo wengi hawaambiwi. Ile sehemu ya yuniti iliyo nyuma ya vali ya kutokea, kichumba na pampu, haipitiwi na oili siku za kawaida. Ukibadilisha oili kwa njia ya kukamua mkono na kufungua skrubu ya kutolea hewa, unabadilisha iliyo kwenye paipu na kalipa tu. Ile ya nyuma inabaki humo humo mpaka pampu izunguke. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa mwaminifu, akabadilisha oili kila baada ya miaka miwili kama vitabu vya watengenezaji wengi vinavyosema, na bado pembe ile ikawa na maji ya zamani.

Tulitoa yuniti siku iliyofuata. Paipu za chuma nne, kila tundu likazibwa kwa plastiki safi mara tu paipu inapotoka. Kompyuta imeshikwa kwenye bloku ya alumini kwa skrubu za kichwa cha nyota. Mota iko upande wa pili. Mzee aliipa mota volti 12 moja kwa moja kutoka kwenye betri. Kimya. Akaigeuza, akaitoa, na shafti haikuzunguka hata kwa koleo. Pale ambapo shafti inasukuma vipistoni viwili vya pampu, unene wake haufiki wa kalamu ya risasi, palikuwa na ukoko wa kijani na mweupe, mgumu kama chumvi iliyoshika chini ya sufuria. Kipistoni kimoja kilikuwa kimeshikana na tundu lake kabisa. Nilikichokoa kwa ukucha, ukoko ukakatika na kuacha kishimo kwenye chuma. Nilikaa nacho kiganjani muda mrefu. Kipande kile kidogo ndicho kilichokuwa kimelala siku ile kwenye mistari ya kivuko.

Njia zilikuwa tatu. Yuniti mpya, na bei niliyopewa na wauzaji ilizidi nusu ya pesa niliyonunulia pikipiki. Yuniti ya mtumba kutoka kwa pikipiki iliyogongwa. Au kuikarabati hii. Kulikuwa na ya nne, kuunganisha paipu moja kwa moja na kuisahau ABS, na nililiuliza hilo waziwazi. Mzee hakunigombeza. Alisema kwenye modeli kama yangu inawezekana, mradi yuniti itolewe yote, na paipu ziwe za urefu sahihi, siyo kuacha yuniti iliyooza katikati ya njia ya oili. Akasema pia ziko pikipiki ambazo breki za mbele na nyuma zimefungamanishwa, au zinasukumwa na pampu ya umeme, na kwa hizo mtu asijaribu kabisa. Halafu akaniuliza ninapita barabara gani saa ngapi. Nikamwambia. Akanyamaza, na mimi nikajijibu.

Tuliamua kukarabati kwanza. Vipistoni vikasafishwa kimoja kimoja, sili zikabadilishwa, mota ikawekewa kaboni mpya. Ilichukua siku nne. Ilipofungwa tena, washa za shaba mpya kila bolti ya paipu, torki kwa spana ya kupimia, mashine ya mzee ikaiamuru pampu izunguke na ikazunguka. Taa ikazimika. Mimi nilikuwa tayari nimevaa kofia.

"Ngoja," mzee akasema.

Alikata kipande cha tyubu, akanipa kalamu ya kuandikia CD. Akakamua mkono wa breki ya mbele kwa nguvu zake zote na kuniambia niweke alama kwenye grip pale ncha ya mkono ilipofika. Kisha akashikilia hapo hapo, bila kuongeza wala kupunguza, huku akiangalia saa ukutani. Kwa sekunde kama ishirini sikuona kitu. Halafu nikaona ncha ya mkono imeipita alama yangu kidogo. Halafu imeipita zaidi. Ulikuwa unazama, taratibu kabisa, kama mtu anayesinzia kwenye kiti. Hakuna tone lililovuja nje, tulimulika kila kiungo kwa tochi. Hewa haikuwemo, mkono ulikuwa mgumu tangu mwanzo. Akaufunga kwa ile tyubu, tukanywa chai, tukarudi. Ulikuwa umezama kidole kizima.

Oili ilikuwa inapotelea ndani. Vali ya kutokea, ile inayotakiwa kubaki imefungwa daima, ilikuwa imeliwa na kutu kwenye kikalio chake na haikufunga tena sawasawa. Kompyuta haikuona kosa lolote kwa sababu inapima umeme wa vali, haipimi kama inaziba. Kwa hiyo nilikuwa na pikipiki yenye taa iliyozimika, na breki mbovu zaidi kuliko siku nilipoanguka. Ningeondoka pale na furaha yangu, na siku moja kwenye mteremko wa Kiserian ningeshika breki ndefu ningeona mkono ukikimbia. Tangu siku hiyo kila pikipiki au gari linaloguswa breki mbele yangu nalipima hivyo. Kukamua, kuweka alama, kushikilia dakika nzima. Haigharimu hata shilingi.

Mzee hakunitoza ile kazi ya siku nne. Nilijaribu kumlipa, akachukua ya sili na kaboni peke yake.

Yuniti ya mtumba tuliipata wiki tatu baadaye kwa muuzaji wa spea za pikipiki zilizogongwa. Ya kwanza tuliyoonyeshwa ilifanana na yangu kwa umbo na rangi, lakini namba iliyochapwa kwenye bloku ilitofautiana tarakimu mbili za mwisho. Muuzaji alisema ni kitu kimoja. Mzee akairudisha mezani. Ndani ya bloku mbili zinazofanana vali zinaweza kuwa tofauti, na kompyuta inazisukuma kwa hesabu zilizopimiwa modeli moja. Ya pili namba zilikubaliana zote, na la maana zaidi, matundu yake yalikuwa yamezibwa kwa plastiki tangu ilipotolewa. Ya tatu, iliyokuwa nafuu kuliko zote, matundu yake yalikuwa wazi, yanaangalia juu, kwenye rafu iliyo chini ya paa linalovuja. Hatukuigusa. Tukanunua ya pili kwa masharti kwamba ikizama inarudi. Kompyuta yangu ilikuwa nzima, kwa hiyo tukaitoa ile ya mtumba na kufunga yangu kwenye bloku hiyo, isije ikahitaji kufundishwa upya.

Kutoa hewa kulichukua muda kuliko kufunga. Tulianza kwa njia ya kawaida, mzee kwenye mkono, mimi kwenye skrubu, mpira wa plastiki ndani ya chupa. Halafu akazungusha pampu kwa mashine, tukatoa tena, oili ikatoka na viputo vidogo ambavyo raundi ya kwanza haikuvionyesha. Tukarudia mbele na nyuma mpaka ikatoka safi. Lita nzima ya DOT 4 ikaisha, yote kutoka mikebe iliyofunguliwa siku ile ile. Asiye na mashine anaweza kuiamsha ABS mara kadhaa kwenye murram mahali salama kisha akarudi kutoa hewa tena, ila mkono uwe tayari mgumu na umepita kipimo cha kuzama. Na hakuna kuweka DOT 5, ile ya silikoni. Jina linafanana na 5.1 lakini ni jamii nyingine kabisa, haichanganyiki na hizi na haifai kwenye ABS.

Mkono tuliufunga kwa tyubu usiku kucha. Asubuhi alama ilikuwa mahali pake.

Nilienda kuijaribu juu ya Kiserian, barabara ya murram isiyo na watu, Jumapili baada ya ibada. Kwanza breki ya nyuma peke yake, kilomita 20 kwa saa. Pedali ikanipiga mguuni, ta-ta-ta-ta, na niliposhuka kuangalia, alama ya tairi haikuwa mburuzo mmoja mrefu, ilikuwa vipande vipande kama mshono wa cherehani. Kisha mbele, kilomita 30, nikiwa wima kabisa. Mikono yangu ilitetemeka kabla ya kukamua, maana bega lilikuwa linakumbuka. Pikipiki ikainama mbele, mkono ukasukumana na vidole vyangu, ikasimama ikiwa imenyooka.

Nilijifunza pia mipaka yake siku ile. Kwenye kokoto iliyolegea ilichukua umbali mrefu kusimama kuliko nilivyotarajia, kwa sababu gurudumu linaloendelea kuzunguka halijichimbii mahali pa kushikia. Chini kabisa ya mwendo, karibu na kusimama, inajitoa na gurudumu linaweza kufunga. Na ABS ya zamani kama yangu haijui kama umelala kwenye kona. Inayopima ulalo ilianza kuuzwa kwenye pikipiki mwaka 2013. Sasa naacha nafasi ile ile niliyokuwa naacha taa ikiwa imewaka, na mvua ya kwanza ikinyesha naiacha zaidi.

Chini ya kiti changu kuna kipande cha tepu ya karatasi chenye tarehe ya oili ya mwisho. Kila baada ya miaka miwili inaenda kwa mzee ili pampu izungushwe na ile pembe ioshwe. Katikati ya hapo, mara moja kwa mwezi naiamsha ABS ya nyuma kwenye murram ya kwenda nyumbani, vipistoni visilale.

Mwezi uliopita kijana wa jirani yetu alikuja kuniomba nimsindikize kuangalia pikipiki ya sisi 400 aliyotaka kununua Ngara. Muuzaji alikuwa mtu mchangamfu, pikipiki imeoshwa inang'aa. Nilimwambia kijana afungue swichi asiwashe injini, aniambie anaona taa zipi. Akazitaja: nyutro, oili, injini.

"Na ya ABS?"

"Hiyo haijawaka, Baba. Si ndiyo vizuri?"

Nikamweleza kwamba kwa pikipiki nzima ile taa lazima iwake swichi ikifunguliwa, kisha izimike pikipiki ikishatembea mita chache. Isipowaka kabisa mwanzoni, mtu ameishughulikia. Muuzaji akasema hajui lolote, alivyoinunua ndivyo ilivyo, na huenda alisema kweli. Akaturuhusu kufungua dashibodi. Nyuma ya kioo, juu ya kitaa, palikuwa na kipande cha tepu nyeusi kilichokatwa vizuri kwa wembe.

Kijana bado aliitaka. Bei ikashuka kiasi cha kutosha, na nimemwahidi Jumamosi zangu mbili. Tunaanza na betri.